Kabla Mtoto Hajatoka Kwao

Wiki ya mwisho ya Desemba, na tena siku mbili tatu kabla ya Idi, makao ya watoto ya Dar es Salaam huwa na wageni wengi kuliko viti vya kuwakalisha. Benki inatoka, chama cha wahitimu kinaingia. Kuna magunia ya mchele, ndoo za mafuta ya kula, katoni za sabuni na pempasi, keki yenye nembo ya kampuni, na bango linaloshikwa na watoto wawili huku mpiga picha akiwaambia wasogee kidogo. Watoto wanaimba wimbo wa kukaribisha wageni, wimbo ambao wameuimba tangu asubuhi. Ikifika katikati ya Februari, geti hilohilo linamfungulia mpishi na gari la maji, basi.

Sina ugomvi na mchele huo. Unaliwa. Ila nikiwatazama watoto wale huwa najiuliza swali ambalo si adabu kuliuliza penye keki: mama yake huyu yuko wapi? Mara nyingi yuko hai, na wala si mbali. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza katika ripoti yake kwamba duniani, kati ya kila watoto watano wanaolelewa kwenye taasisi, wanne wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Sisi tunawaita yatima kwa mazoea. Wengi walifikishwa pale na kodi ya chumba, maradhi yasiyokwisha, ndoa iliyovunjika, au bibi aliyezidiwa na wajukuu. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala ya watoto, ukasisitiza kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Bunge letu nalo, mwaka 2009 huohuo, likatunga Sheria ya Mtoto, inayompa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Kwenye karatasi ulikuwa mwaka mwema.

Mtaani, sehemu kubwa ya kazi ya kuitekeleza karatasi hiyo inafanywa na watu wasiolipwa chochote. Kikundi ninachokifahamu mimi kiko upande wa Mbagala. Kilianza kama kikoba na mpaka leo ni kikoba. Hili la watoto lilizukia pembeni, walipogundua kwamba wanaoshindwa kununua hisa mwezi Januari ni walewale kila mwaka, wenye watoto wa shule. Wamo mama lishe, fundi cherehani, muuza samaki wa kukaanga, mwalimu mstaafu, na kijana mmoja wa bodaboda ambaye ndiye mwanamume pekee na kwa hiyo ndiye anayetumwa kila mahali. Wa jumuiya ndogondogo wamo, wa madrasa wamo. Hawana ofisi, hawana fulana za maandishi. Wana kauntabuku yenye jalada jeusi, inayotunzwa na mwalimu kwa sababu ana mwandiko mzuri na kwa sababu hana mdomo. Hiyo sababu ya pili ndiyo iliyompa kazi.

Kupata vitu si mtihani mkubwa kama watu wanavyodhani. Kamati za harusi zimetufundisha nchi nzima kudai ahadi kwa simu bila haya, na akina mama hawa wanatumia ujuzi uleule: ujumbe wa kwanza wa salamu, wa pili wenye majina ya waliokwisha kutoa, wa tatu hauhitaji maneno mengi. Mtihani ni kujua nani ana shida. Njaa ya mjini ina haya. Mama aliyelaza watoto na chai ya rangi ukimgongea atakwambia tumeshakula, karibu kesho. Basi inabidi wasome dalili. Mtoto anayevaa sweta la shule saa saba mchana, kwa jua la Februari, anaficha shati. Mwenye duka anajua nyumba ipi ilikuwa ikinunua unga kilo, ikashuka nusu, sasa robo. Anajua, ila hasemi mpaka aulizwe na mtu anayemwamini.

Kuna nyumba iliyogundulika kwa viatu. Shule nyingi za msingi za jiji hili zimefurika hadi wanafunzi wanaingia kwa zamu, hawa asubuhi, wale mchana. Kaka alikuwa wa asubuhi, mdogo wake wa mchana. Kila siku mdogo alimsubiri kaka kwenye benchi la muuza chipsi, amevaa kandambili. Kaka akifika, wanakaa. Viatu vinatoka mguu huu vinaingia ule, na kaka anaondoka na kandambili. Kwa kuwa vilimpwaya, mdogo alikuwa na karatasi zake mfukoni za kujaza mbele ya vidole, akizipanga bila haraka kama mtu mzima anayefunga tai. Muuza chipsi aliyaona hayo muhula mzima akadhani ni mchezo wao. Mama lishe wetu alipita pale kufuata chenji yake, akasimama, akaelewa.

Namba ya kiatu hakuuliza. Nyumba ya namna ile haina habari za namba. Alichukua njiti ya fagio la chelewa, akapima wayo wa yule mdogo kuanzia kisigino, akaikata penye ncha ya kidole gumba na kuifungia kikaratasi chenye jina. Kila mwisho wa Desemba kikundi kinakwenda soko la Karume na kifurushi cha njiti hizo. Njiti inatumbukizwa ndani ya kiatu, inabakizwa nafasi ya upana wa kidole kwa ajili ya kukua, ndipo bei inaanza. Niliwahi kuongozana nao, nikachoka kabla yao. Kiatu kimoja kilichukua muda mrefu kwa sababu fundi cherehani aliishuku soli kwamba imegundishwa upya. Muuzaji alipojua ni vya kusaidia watu, akawaelekeza kwenye lundo la bei ya chini. Fundi alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto wa maskini anatembea kuliko mtoto wa mwenye gari, kwa hiyo kiatu chake ndicho kinachotakiwa kiwe imara.

Hapa niseme jambo kwa haki. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne Januari 2016, ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Maamuzi hayo matatu yamewaweka darasani watoto wengi kuliko vikundi vyote vya hisani vya nchi hii vikijumlishwa pamoja, na anayedhani kujitolea kunaweza kushika nafasi ya serikali hajawahi kukusanya michango. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii ulioanza mwaka 2000, umezifikia kaya zaidi ya milioni moja kwa mpango wa kunusuru kaya maskini. Hayo ni makubwa. Lakini ada ikifutwa hubaki shati, daftari, mchango wa uji na nauli ya daladala. Na kaya maskini zikitambuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, yule mwenye haya haendi mkutanoni, na aliyehamia wiki iliyopita hakuna anayemjua jina.

Au chukua wasichana waliozaa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyepata ujauzito anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mlango ulifunguliwa, na waliopigania ufunguliwe wanastahili heshima yao. Sasa mtoto mchanga akae na nani kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa? Bibi yake mzaa mama yuko sokoni, na asipokwenda sokoni nyumba hailali imekula. Kwa msichana mmoja wa mtaa ule, mtoto anabaki kwa bibi wa nyumba ya tatu, ambaye si ndugu yake hata kidogo. Kikundi kinampelekea bibi sukari na unga kila Ijumaa, si mshahara, ni shukrani, naye anazikagua kama mshahara. Saa ya mapumziko msichana anakimbia kunyonyesha, anarudi darasani blauzi ikiwa na unyevu, na rafiki yake amemwandikia alichokikosa. Msaada wa namna hiyo hautumwi kwa M-Pesa. Unahitaji bibi aliye karibu, na mtu wa kumbembeleza bibi siku aliyoamka vibaya.

Dini zetu zililijua zamani hili la ukaribu, na la wakati pia. Zakatul-fitri ni pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba, na sharti itoke kabla ya swala ya Idi. Ikichelewa mpaka watu wameswali inahesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Mantiki yake ni ya jikoni: chakula cha Idi kinachofika Idi ikiwa imekwisha kimemsaidia mtoaji tu. Ndiyo maana vijana wa msikiti hawalali usiku wa kuamkia Idi, wako vichochoroni na mifuko. Wakatoliki nao wana Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzia Paris mwaka 1833, mwaka mmoja baada ya kipindupindu kuuchakaza mji ule. Frédéric Ozanam alikuwa na umri wa miaka 20, mwanafunzi kati ya wanafunzi wenzake, wana nia njema na hawajui pa kuipeleka. Sista Rosalie Rendu, aliyeujua mtaa wa maskini nyumba kwa nyumba, ndiye aliyewaonyesha milango ya kubisha. Mpaka leo wanachama wa chama hicho humfuata mhitaji nyumbani kwake, wawili wawili, hawamsubiri ofisini.

Na dini zote mbili zinafundisha kwamba sadaka isitangazwe. Tumelisikia hilo mimbarini na altareni, tukatoka nje tukaomba picha. Kikundi cha Mbagala kinapeleka vitu baada ya magharibi, ndani ya kapu lililofunikwa khanga, na anayepeleka ni mtu ambaye kwa kawaida huingia nyumba hiyo. Alitokea mfadhili mmoja, mtu mwema, akachangia vizuri, halafu akaanza kuomba picha za watoto wakipokea. Walimtumia picha ya risiti na picha ya viatu vimepangwa sakafuni, bila mtu. Akaomba tena. Wakamweleza. Akanyamaza, na mchango wake ukanyamaza naye. Mimi nawaunga mkono, japo najua ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa kuwa si mimi niliyeziba pengo lake Januari iliyofuata.

Kasoro wanazo, tena si za kufichwa. Wamewahi kugombana hadi vikao viwili vikavunjika kwa sababu mpwa wa mtu aliingizwa kwenye daftari. Wapo waliotaka msaada uendane na kuhudhuria ibada, wakazimwa, wakasusa, wakarudi. Wanachoka, maana wao wenyewe hawako mbali na wanaowasaidia: majina ya wanachama yamewahi kuingia kwenye kauntabuku ileile, yakatoka hali ilipotengemaa. Kijana wa bodaboda anataka angalau alipwe mafuta. Ana haki.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni habari ya kodi. Mama mmoja, kazi yake kufua nguo za watu, alitakiwa na mwenye nyumba alipe miezi sita kwa mkupuo, desturi ya Dar es Salaam ambayo sijaelewa kwa nini tunaivumilia. Hakuwa nayo. Alishapiga hesabu yake: watoto wake wawili awapeleke makao ya watoto, yeye akatafute kazi ya ndani inayompa pa kulala. Alikuwa ameshafua nguo zao na kuzipanga kwenye begi. Muuza samaki aliliona begi. Jioni ile walikwenda watatu kwa mwenye nyumba, mwenyekiti wa mtaa akiwa wa nne, wakakaa mpaka usiku. Walitoka na makubaliano ya kulipa mwezi kwa mwezi, kikundi kikiwa mdhamini. Fedha iliyotoka siku ile ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Watoto wale hawajawahi kuimbia wageni, na hakuna takwimu itakayowahesabu, kwa kuwa hakuna lililowapata.

Hivi sasa wanabishana juu ya baba mlevi. Mwaka jana aliuza viatu na madaftari ya binti yake akanywa gongo. Wengine wanataka nyumba hiyo ifutwe, vitu viende penye faida. Mwalimu mstaafu hataki kusikia. Binti hakumchagua baba. Fundi cherehani alipendekeza kutarizi jina la mtoto kwa uzi mwekundu mgongoni mwa shati ili lisinunulike, pendekezo likachekwa kwanza kisha likajadiliwa kwa makini. Mwishowe wamekubaliana sare zikae kwa muuza samaki: binti apite alfajiri, avae, na akitoka shule azirudishe. Mama lishe peke yake alipinga. Anasema kumzoesha mtoto kumficha baba yake vitu vyake mwenyewe ni kumtoa kwao polepole, na kwamba baba huyo hajakaliwa kikao kama alivyokaliwa mwenye nyumba. Sioni wa kumjibu. Wamepanga wazee watatu waende kwake Jumamosi, asubuhi, kabla hajatoka. Kwa sasa sare ziko kwa muuza samaki, na binti analalamika kwamba zinanuka kibua.