Je, Kujificha Ni Kusema Uongo?



Askari akiwa porini huvaa sare ya mabakabaka, hujipaka matope usoni na kuchomeka majani kwenye kofia. Majani yakinyauka huyabadilisha, maana yatamuumbua. Je, huyu anatenda dhambi ya uongo?

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilijadili jambo hili karne ya 13. Jibu lake: kumficha adui mipango yako si dhambi, kumwambia uongo au kuvunja ahadi uliyompa ni dhambi, hata vitani. Sheria za vita nazo zina mpaka wake. Itifaki ya Geneva ya 1977 inaruhusu majani na mabakabaka, lakini inakataza kujifanya raia, au kujifanya unasalimu amri, ili upate kumuua adui.

Sasa njoo kwetu Jang'ombe, mwezi wa Ramadhani. Wewe Mkatoliki unakula mchana ndani, mlango umeurudisha. Hujamdanganya mtu, unawaheshimu majirani waliofunga. Lakini rafiki akikuuliza barazani, "Vipi, umefunga?", nawe ukasema "Ndiyo" ili tu ufanane nao, hapo hujajistiri tena. Umevaa sare isiyo yako.

Kumbuka Petro pale penye moto, uani kwa kuhani mkuu. Kilichomliza si kukaa kimya, ni kumkana Bwana alipoulizwa.

Basi ukiulizwa, jibu kwa upole: "Sikufunga, mimi Mkristo. Mfungo mwema, ndugu yangu." Rafiki wa kweli atakuelewa, na kesho hutahitaji kutafuta majani mengine.