Jiwe na Roho

Nyamongo, wilayani Tarime, ni nchi ya Wakurya, waliochimba dhahabu kwa mikono kabla mgodi wa North Mara haujafunguliwa mwaka 2002. Tarehe 16 Mei 2011 watu walipoingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu, watano waliuawa kwa risasi za polisi. Waliitwa wavamizi. Je, aokotaye jiwe katika ardhi ya babu yake ni mwizi?

Tusijibu kwa pupa. Sheria yasema madini ni mali ya Jamhuri. Tangu 2020 Serikali ina hisa asilimia 16 mgodini. Fidia nazo zililipwa, na wako waliojenga nyumba za “tegesha” ili nao wafidiwe. Basi na tukubali kuwa ni mwizi. Swali halijesha: umiliki huamua jiwe ni la nani, hauamui roho ni ya thamani gani. Tena fidia humlipa aliyekuwa na shamba siku ya kuthaminiwa. Mjukuu aliyezaliwa baadaye hurithi ukuta.

Nasi wa visiwani tusijitoe. Dhahabu tunayowavika maharusi wetu, aghalabu hatuulizi ilikotoka. Kuuliza ni wajibu wetu.