Korosho Zikiwa Bado Maua

Kwetu Mkomaindo, mjini Masasi, neno kangomba halihitaji kamusi. Ni biashara ya kununua korosho nje ya mfumo rasmi, na sura yake inayouma zaidi ni hii: mkulima ana mikorosho lakini hana fedha. Mavuno hushika kasi Oktoba, ilhali sare za shule, dawa na msiba havingoji Oktoba. Anatokea mtu mwenye fedha mkononi. Wanapatana bei chini ya mkorosho ambao bado uko kwenye maua. Msimu ukifika, mkulima ataokota, atatenganisha korosho na mabibo, ataanika na kufunga magunia. Jasho ni lake, korosho si zake.

Nimekuwa nikiliwaza neno hili tangu nianze kuishi kwa kuandika. Ninasoma shahada ya uzamili, na ada na chumba ninavilipia kwa kazi za kalamu: makala za tovuti, tafsiri, hotuba za watu ambao sitakutana nao, maelezo ya bidhaa nisizozitumia. Mwandishi wa kujitegemea, ndivyo ninavyojitambulisha. Swali ninalotaka kulijadili ni la maadili kuliko la afya: je, mtu ana haki ya kuuza siku ambayo haijapambazuka? Na akishaiuza, furaha yake ataipata wapi?

Tuanze na uchovu wenyewe. Darasani kwetu tunauita kuishiwa chaji. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoueleza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, halikuuita ugonjwa. Liliuita hali itokanayo na kazi, yenye sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na ufanisi kushuka. Chanzo chake ni shinikizo la muda mrefu la mahali pa kazi ambalo halikudhibitiwa. Mahali pa kazi! Kwangu ni kitanda, kiti cha plastiki na kompyuta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mwajiriwa wa Tanzania kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mimi sina wa kumwomba likizo. Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Kwa mwandishi wa kujitegemea, punda na mwenye mzigo ni mtu mmoja.

Ushauri tunaopewa unafahamika: lala mapema, fanya mazoezi, jifunze kukataa kazi. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye akiba. Lakini unafanana na kumwambia mkulima asiuze kangomba bila kumwambia Agosti atakula nini. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, iliendesha uhakiki ili wafanyabiashara wa kangomba wasilipwe kama wakulima. Uhakiki ulimtafuta mnunuzi. Dhiki iliyomfungulia mlango haikuhakikiwa. Ndivyo tunavyofanya na uchovu wa waandishi. Tunaugeuza kuwa kasoro ya tabia, kana kwamba aliyechoka hakujipangia tu vizuri.

Mwaka jana mteja mmoja alinitaka nimwandikie makala za miezi sita, akalipa sehemu kubwa mapema. Bei ya kila makala ilikuwa karibu nusu ya ninayotoza siku zote. Kodi ilikuwa inadaiwa. Nilikubali, na nikirudishwa palepale na deni lilelile, nitakubali tena. Ila nilijifunza kitu ambacho sikukisoma popote. Wingi wa kazi haukuongezeka. Niliwahi kuandika zaidi ya hapo na kulala nikiwa na raha. Kilichobadilika ni kwamba kila sentensi niliyoiandika ilikuwa inalipia chakula nilichokwisha kula. Mbele hapakuwa na kitu cha kungojea. Mtu anaweza kubeba mzigo mzito akiwa anaelekea mahali. Anayelimia jana huchoka hata kwa jembe jepesi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: siku isiyopambazuka inaweza kuuzwa, na wakati mwingine itauzwa kwa sababu tumbo halina subira. Lakini kuna kitu kisichopaswa kupanda kwenye mizani kamwe, nacho ni mti wenyewe. Hata aliyeuza maua hupalilia shamba na kupuliza salfa, maana akiacha, ubwiriubwiri utayala maua ya msimu unaofuata, na hapo hatakuwa na hata cha kuuza kwa hasara. Kwa mwandishi, salfa ni kusoma kitabu ambacho hakuna aliyekiagiza, kulala usingizi mzima, kukaa barazani na watu bila kuwageuza makala.

Hapo wengi huishia: pumzika ili uandike vizuri zaidi. Mimi sitaki kuishia hapo, kwa sababu hoja hiyo bado inamwachia mteja rula ya kunipimia. Mapumziko yakihesabiwa kuwa mbolea tu, siku yasipoongeza mavuno yatafutwa. Huko kwetu, vyakula vikishaingia ghalani, ndipo ngoma za jando na unyago hushamiri. Watu hucheza mpaka alfajiri. Hakuna anayecheza ili mwakani korosho ziwe nyingi. Ni afadhali kusema korosho hulimwa ili siku hizo ziwepo. Aristotle naye alifikiri hivyo, kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa, ingawa katika mji wake wasaa wa wachache ulibebwa na watumwa. Mawazo yake yananifaa nikiondoa watumwa, na nikijiondoa mimi mwenyewe katika nafasi yao.

Furaha basi inataka wasaa, na wasaa unataka chakula ghalani. Vijana wengi tunaona haya kufanya kazi nyingine pembeni, kana kwamba mwandishi halisi hula kwa kalamu peke yake. Shaaban Robert kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha. Sidhani kama ukarani ulimpunguzia hadhi. Naona mshahara ule ulimwepusha na kuuza mashairi yake yakiwa maua. Mimi hufundisha masomo ya ziada jioni mbili kwa wiki, na jioni hizo ndizo zinazonipa ujasiri wa kumwambia mteja bei haitoshi.

Lakini jioni mbili hazitoshi, na hapa neno kujitegemea linahitaji kurudishiwa maana yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipolitukuza, halikuwa na picha ya mtu mmoja usiku wa manane mbele ya kioo cha kompyuta. Lilisema na watu waliotegemeana. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, una lawama zake, na malipo yanayochelewa ni mojawapo. Ila wazo lililo ndani yake ni zuri: korosho za wengi zikusanywe ghala moja na kuuzwa kwa mnada, ili mwenye njaa asipatane bei peke yake.

Waandishi watano tumejaribu kulifuata wazo hilo kwa kiwango chetu. Tunaambiana ukweli kuhusu malipo, tumeweka bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, na kila mwezi tunachangia kibubu. Aliyebanwa na kodi hukopa humo kabla ya kukimbilia malipo ya awali ya mteja. Si fedha nyingi. Ugonjwa mmoja mkubwa unaweza kuimaliza yote. Hata hivyo, mwezi huu mmoja wetu amelipa kodi kwa fedha hiyo na kukataa mkataba wa nusu bei. Makala za Julai bado hajaziandika, wala hajaziuza.