Msimulizi Mkongwe

Hapa Mwandiga, ambapo barabara itokayo Kigoma hugawanyika kwenda Kasulu na Manyovu, si ajabu kumkuta bibi barazani akipukuchua machikichi kutoka mkunguni, huku akiwahadithia wajukuu visa vya sungura na fisi. Na ukimsikiliza kwa makini utatambua kwamba hakariri tu aliyoyarithi, kwani mto wa jana leo ameugeuza ziwa, fisi amempa sauti ya jirani, na yule ambaye zamani hakusamehewa, sasa amemhurumia.

Hiyo ni sanaa kamili, nasi twamdhulumu mzee tunapomsifu kwa kumbukumbu pekee, kana kwamba yeye ni sanduku la kuhifadhia mambo ya kale. Huko Mombasa, katika miaka ya 1970, Bi Kaje wa Mwenye Matano na Bi Mishi wa Abdala, ambao walikwisha kula chumvi nyingi, walisimulia maisha yao, habari za arusi, ngoma na utumwa zikiwamo, na masimulizi hayo watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel wakayapiga chapa mwaka 1989. Hata katika kusimulia maisha hivyo, msimulizi ndiye achaguaye pa kuanzia na pa kunyamaza. Na hiari hiyo, kwa mtu ambaye viungo vimechoka na wenziwe wengi wametangulia mbele ya haki, ni mamlaka adhimu juu ya umri wake mwenyewe.

Jioni ya leo, ukimpelekea mzee wako dawa, mwombe na hadithi, nawe ukae mpaka aimalize.