Meza Mbili za Malkia Margaret



Kila tunapochanga fedha za vitambaa vya altare, swali moja husikika kwetu: Je, ni haki kuipamba nyumba ya Mungu na huku jirani amelala njaa? Swali hili si geni. Liliulizwa kule Bethania, yule mwanamke alipommiminia Bwana marhamu ya thamani (Marko 14:3-9). Basi, na tujifunze kwa Mtakatifu Margaret, Malkia wa Uskoti, aliyefariki tarehe 16 Novemba 1093. Waanglikana wa Uskoti na Uingereza humkumbuka siku hiyo kila mwaka.

Margaret alipenda vitu vizuri. Padre Turgot, aliyemfahamu na kuandika habari za maisha yake, asema chumba chake kilikuwa kama karakana: mavazi ya makasisi, stola na vitambaa vya altare, vingine vimekwisha kushonwa, vingine vingali mikononi mwa wanawake. Alijenga kanisa huko Dunfermline, akalipa vyombo vya dhahabu safi.

Lakini malkia huyo huyo aliletewa asubuhi watoto yatima 9, akawapakata na kuwalisha kwa kijiko alichotumia yeye mwenyewe. Tena maskini 300 waliingizwa katika ukumbi wa kifalme, wakaketi, mfalme akiwahudumia upande huu na malkia upande ule.

Mumewe, Mfalme Malcolm, hakujua kusoma. Hata hivyo alivibusu vitabu alivyovipenda mkewe. Na pengine alimwita sonara akipambe kimojawapo kwa dhahabu na vito, ndipo akamrudishia mkewe kuwa zawadi. Naye Margaret alikuwa akidokoa sarafu za dhahabu za mfalme ili awape waombaji. Mfalme alijua, akajifanya hajui. Siku nyingine alimkamata sarafu zikiwa mkononi, akamtania kwamba atamshitaki. Hatusemi akina mama waanze kupekua mifuko ya waume zao! Twasema tu kwamba katika nyumba ile dhahabu haikufanya makao; ilikuwa ikipita njia.

Kitabu chake cha Injili kilianguka mtoni safarini, bila aliyekibeba kutambua. Kilikutwa chini ya maji, kimefunguka. Vipande vya hariri vilivyofunika picha vilikuwa vimechukuliwa na mkondo, lakini maandishi yalikuwa salama. Mwaka 1887 kitabu hicho kilinunuliwa kwa pauni 6 tu na Maktaba ya Bodleian huko Oxford, kabla hakijatambuliwa kuwa ni chake. Jalada la vito halipo tena. Msalaba alioushika akifa nao umepotea. Neno bado lasomeka.

Wapendwa, tuseme kweli. Mara nyingi tumewataja maskini ili tufunge mifuko yetu. Kitambaa hatukununua, na maskini hatukumlisha. Yuda naye alisema hivyo, na Yohana anatueleza sababu yake (Yohana 12:4-6). Wengine wetu tumeleta zawadi nzuri kanisani, kisha tukanuna kwa kuwa majina yetu hayakutangazwa.

Bwana hakumkemea yule mwanamke. Aliipokea zawadi yake, akasema pia kwamba maskini tunao siku zote, na kila tupendapo twaweza kuwatendea mema. Margaret aliyashika maneno yote mawili. Meza ya Bwana na meza ya yatima aliziandaa kwa mkono mmoja.

Basi, Jumapili tutakapotandika kitambaa kipya, kila mmoja wetu na ajiulize: wiki hii ni nani amekula kwa mkono wangu? Kama hakuna, tusikiondoe kitambaa. Twende tukatafute kijiko.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nasi sote. Amina.