Subira na Chombo Kigumu

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake ni kuwa mvivu hapungukiwi na udhuru, hulaumu jembe, hulaumu udongo, hulaumu jua, wala hajilaumu mwenyewe. Methali hii ni kweli, lakini si kweli yote. Liko jembe ambalo mpini wake umelegea, na mkulima aliyeinama siku nzima akilipigilia si mvivu akilalamika. Basi swali letu ni hili: chombo kinapomshinda mtu, twajuaje kama kasoro ni ya mkono au ni ya chombo? Na je, kila ugumu wastahili subira?

Swali hili laweza kupimwa mahali ambapo wazee wengi hawangefikiri kulipima, yaani katika michezo ya video ya zamani. Kijana aliyezoea michezo ya siku hizi, akishika ile ya miaka ya 1980 na 1990, aghalabu hukasirika. Vitufe havimtii. Ataka kwenda huku, mhusika wake aenda kule. Hutupa kidhibiti chini na kusema kuwa watu wa kale hawakujua kazi. Tusiharakishe hukumu, tuichunguze kesi yenyewe.

Mchezo wa kutisha uitwao Resident Evil ulitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996. Ndani yake, mshale wa juu humpeleka mhusika kule uso wake unakoelekea, wala si juu ya kioo. Mishale ya kushoto na kulia humzungusha papo hapo, mfano wa kifaru cha vita, na ndiyo sababu wachezaji waliuita uendeshaji wa kifaru. Lakini tazama sababu yake. Kamera ya mchezo huo haimfuati mhusika. Imewekwa mahali pamoja katika kila sehemu ya nyumba, na picha hubadilika ghafla avukapo mpaka fulani. Lau mishale ingefuata kioo, aliyekuwa akikimbia mbele angejikuta mara moja akirudi alikotoka. Kwa uendeshaji wa kifaru, mbele hubaki mbele hata picha ikigeuka mara kumi. Tena kidhibiti cha kwanza cha PlayStation kilikuwa na mishale minne, hakikuwa na vijiti vya kusukumwa kwa kidole gumba. Huu ni ugumu wa dharura: fundi alijenga kwa mbao alizokuwa nazo.

Uko ugumu wa pili, nao ni wa makusudi. Katika Ghosts 'n Goblins, mchezo wa mwaka 1985, shujaa akisharuka hawezi kugeuza njia angani. Alikoelekea ndiko atakakoangukia. Katika Tomb Raider ya mwaka 1996, iliyotengenezwa na kampuni ya Core Design huko Derby, Uingereza, ulimwengu wote umejengwa kwa miraba iliyo sawa, na kila mruko una kipimo chake. Mchezaji humsogeza Lara Croft mpaka ukingoni, humrudisha nyuma hatua moja, ndipo humkimbiza na kumrusha. Asiyepima huanguka. Uendeshaji wa namna hii humfundisha mtu kuwa fikira hutangulia tendo, na kwamba liko tendo ambalo likishafanywa haliwezi kurudishwa.

Ugumu wa tatu hauna dharura ya haki wala kusudi jema. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitaka kuuza mchezo wa E.T. kabla ya Krismasi. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa muda wa majuma matano hivi. Mchezo ulijaa mashimo, na mchezaji aliyeonekana kwa macho yake mwenyewe kusimama kando ya shimo alitumbukia. Akapanda kwa taabu, akatumbukia tena. Kaseti nyingi hazikuuzwa. Mwaka 1983 shehena ya bidhaa za kampuni hiyo ilizikwa jalalani karibu na mji wa Alamogordo, katika jimbo la New Mexico, na zilipofukuliwa mwaka 2014, kaseti za E.T. zilikuwamo.

Tofauti ya haya matatu ni nini? Kwa maoni yangu, ni uaminifu. Uendeshaji wa kifaru ni mgumu, lakini hausemi uongo: kitufe kilichomgeuza mhusika leo kitamgeuza kesho vilevile. Anayekosea aweza kuliona kosa lake na kulirekebisha. Shimo la E.T. halikuwa aminifu, jicho liliambiwa hivi, mguu ukatendewa vingine. Chombo kigumu kilicho aminifu ni mwalimu mkali. Chombo kisicho aminifu ni mdhalimu. Mwalimu mkali astahili subira. Mdhalimu hastahili, na kumvumilia si adabu bali ni kumzidishia nguvu.

Hata hivyo, mazoea yana taabu, na ugeni hufanana sana na ubovu. Mwaka 2000 ulitoka mchezo wa Alien Resurrection, ambao kijiti cha kushoto kilimtembeza mchezaji na cha kulia kikageuza macho yake. Mhakiki mmoja aliushutumu uendeshaji huo kwa kejeli. Leo karibu kila mchezo wa namna hiyo huendeshwa vivyo hivyo, na watoto hujifunza bila kuambiwa. Kilichoitwa kasoro kilikuwa kigeni tu. Kwa hiyo jaribio la siku moja halitoshi kutoa hukumu.

Msomaji kijana, maisha yatakupa vyombo vingi vigumu: lugha ngeni, kanuni za hesabu, sheria za shule, na baadaye sheria za nchi. Watu watakuambia kila mara uvumilie. Usikubali upesi, wala usikatae upesi. Kipe chombo muda wa haki, kisha ukiulize swali moja: nikitenda lililo sawa, je, nitapata lililo sawa, leo na kesho? Kikiitikia, inama ujifunze. Kisipoitikia, sema wazi kuwa mpini umelegea. Na siku itakapokuwa zamu yako kutengeneza chombo au kutunga sheria, usiifanye subira ya watu wengine kuwa kifuniko cha haraka yako.