Je, Kumwachilia Samaki ni Kumhurumia?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii lilinipata ndani ya mashua, mikono yangu ikiwa na utelezi wa samaki, na watu wawili ninaowaheshimu wakiniambia mambo mawili yanayopingana. Mmoja alisema: mrudishe majini. Mwingine alisema: usimrudishe, huyo anakufa. Nilimrudisha, naye akafa nikimwona. Tangu siku hiyo najiuliza kama mtu anayemwachilia kiumbe asiye na matumaini ya kupona amefanya huruma, au amenawa mikono tu.

Nieleze kwanza ilikuwa wapi. Baba yangu mdogo ni mmoja wa Warundi waliokimbia nchi mwaka 1972 wakiwa watoto, wakakulia katika kambi za Tanzania, na baadaye wakapokelewa Marekani. Yeye alipelekwa Minnesota, jimbo la kaskazini linalopakana na Kanada. Kirundi tunacho sote wawili, lakini akianza kubishana huhamia Kiswahili, kile cha Kigoma, naye hucheka changu cha darasani. Nilipomtembelea mwezi wa Julai, mzee mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi alitualika kwenda kuvua katika ziwa Mille Lacs, kilomita 160 hivi kaskazini mwa mji wa Minneapolis. Ni ziwa pana, lakini sehemu yake yenye kina kirefu kabisa ni kama mita 13. Kwa mtu aliyezaliwa kando ya Tanganyika, lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, hilo ni sahani.

Samaki anayetafutwa huko anaitwa wolai. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, humwita ogaa. Ana jicho kubwa lenye weupe wa lulu, na nyuma yake upo utando unaorudisha mwanga kama katika jicho la paka. Huona vizuri gizani na katika maji yaliyochafuka, na jua kali hulikimbia. Karibu mbinu zote za kiangazi zinatokana na jicho hilo. Mvuvi hufurahia upepo, kwa kuwa mawimbi madogo huvunja mwanga na kumtia samaki moyo wa kula. Alfajiri na magharibi humtafuta kwenye miamba, maji ya mita mbili au tatu. Mchana wa Julai humfuata katikati ya ziwa, kwenye matuta mapana ya tope yaliyo chini ya maji, mita saba hadi kumi, ambako wadudu huibuka topeni na samaki wadogo huja kuwala.

Chambo ni ruba. Hapo nilishangaa kidogo: mnyama ambaye kwetu mtu humng'oa mguuni kwa chumvi, kule anauzwa dukani ndani ya kopo na kutunzwa kwenye friji! Ruba huchomwa kwenye ndoano ndogo, juu yake likawekwa chubwi dogo la kuuzamisha mshipi, kisha boya linaloteleza juu ya mshipi mpaka lizuiwe na fundo la uzi. Fundo hilo ndilo linaloamua kina. Boya likianza kuzama, mzee alinifundisha nisivute upesi. Wolai huonja kwanza. Ukingoja, atameza, na akimeza hatatoka.

Naomba msomaji akumbuke hayo mawili, kina na kungoja, kwa sababu nitayarudia.

Samaki wangu alitoka mita tisa. Nilingoja kama nilivyofundishwa, nikavuta, nikafurahi kama mtoto. Alipofika juu tumbo lilikuwa limevimba na ndoano ilikuwa imepita koo. Wolai hana njia ya kupumua nje hewa iliyo katika kibofu chake, kama wafanyavyo samaki wa aina nyingine. Akipandishwa upesi kutoka mita kumi, hewa ile hutanuka karibu mara mbili. Tukampima. Kanuni ya msimu ule iliruhusu kila mvuvi kubaki na mmoja tu kwa siku, mwenye urefu wa kati ya sentimita 53 na 58 hivi, au mkubwa aliyepita 71. Wangu alikuwa na 46. Mzee akakata mshipi karibu na mdomo, akiacha ndoano ndani, maana kuing'oa humrarua zaidi, akaniambia nimrudishe. Ndipo baba mdogo akasema kwa Kiswahili, ili mwenzake asielewe: "Mwanangu, usimtupe. Huyu ni marehemu tayari. Kambini tungegombania hata kichwa chake."

Nilimweka majini. Akalala ubavu, akapiga mkia mara mbili, akaelea. Shakwe wawili walikuwa wamekwisha kutuona.

Wa kwanza kunitetea angekuwa mtu wa nia. Angesema: hukukusudia kumuua, ulikusudia aishi, na tendo hupimwa kwa kusudi lake. Katika somo la maadili tulifundishwa kanuni ya athari mbili, ambayo mizizi yake iko katika maandishi ya Thomas Aquinas kuhusu mtu anayejilinda. Tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, jema lililokusudiwa na baya lililoonekana mapema tu. Nilijaribu kujifunika kwa kanuni hiyo usiku ule, nikaona ni fupi, miguu inabaki nje. Kwa maana kanuni yenyewe inadai pawe na sababu nzito ya kuliruhusu lile baya. Anayejilinda ana uhai wake. Mimi nilikuwa na nini? Furaha ya kuona boya likizama.

Wa pili angekuwa mtu wa sheria, na huyu namheshimu zaidi kuliko nilivyomheshimu pale mashuani. Baba mdogo alisema kweli kuhusu samaki yule mmoja. Lakini tuseme sheria inaruhusu kila mvuvi kubaki na samaki ambaye kwa maoni yake anakufa. Kesho samaki wote wa ziwa wangekuwa mahututi. Kanuni ya urefu haiwezi kumwamini mtu mwenye njaa wala mwenye tamaa kuwa tabibu wa samaki wake. Kwa hiyo nakubali: baada ya kumvuta juu, kumrudisha ndiko kulikokuwa halali, na hata sasa ningemrudisha. Ila kuwa halali si kuwa na huruma. Aliyepata kitu kutoka kwangu katika tendo lile ni sheria. Samaki hakupata chochote.

Jimbo lenyewe, kwa namna yake kavu, linalijua hili kuliko wavuvi. Idadi ya wolai ilipopungua Mille Lacs, uvuvi wao ulifungwa mwezi wa Agosti 2015 kabla ya msimu kwisha, na mwaka 2016 wavuvi wa mchezo walianza msimu kwa sharti la kumrudisha kila wolai. Lakini wataalamu wa maliasili hawakuacha kuhesabu. Katika mgao wa jimbo huingizwa pia makadirio ya samaki wanaokufa baada ya kuachiliwa, na makadirio hayo hupanda maji yanapopata joto. Maana yake ni kwamba ziwa zima linaweza kurudisha samaki wote kwa upole, mikono imeloweshwa, picha zimepigwa, na bado mgao ukaliwa bila mtu yeyote kula. Hesabu hiyo haiulizi nia ya mtu. Nilipoielewa nilihisi aibu ambayo mahubiri hayajawahi kunitia.

Kuna jambo lingine la ziwa hilo ambalo haifai kulipita. Waojibwe wa Mille Lacs wana haki ya kuvua iliyohifadhiwa na mkataba wa mwaka 1837, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999 kwa kura tano dhidi ya nne. Huvua majira ya kuchipua kwa nyavu na mikuki, na wapo wavuvi wa ndoano ambao hadi leo huwalaumu kuwa wanamaliza samaki. Sitaki kuwafanya watu wowote malaika. Lakini nawaza: anayechukua samaki kwa wavu huonekana mkatili kwa sababu kifo kiko wazi ndani ya mashua yake, kinapimwa na kinapikwa. Mimi kifo changu kilielea kikaenda. Tunawalaumu wanaoua mbele ya watu, na anayeua huku akiaga kwa upole tunamsamehe.

Je, basi, jibu ni kula kila tunachovua? Nchini Uswisi sheria inakataza kuvua samaki kwa nia ya kumwachilia tu; anayetupa ndoano aende na nia ya kula. Baba mdogo nilipomweleza alipiga kofi la furaha. Mimi nilisita, kwa sababu ya babu yangu. Babu alivua ndagala Rumonge, usiku, kwa taa na wavu, na sidhani kama aliwahi kurudisha kitu ziwani isipokuwa maji ya kuosha mashua. Katika nyavu zake zenye macho madogo waliingia mikeke wachanga pamoja na ndagala, wakaanikwa pamoja, wakaliwa pamoja. Hakuna kilichopotea, kila mfupa ulipita kinywani mwa mtu. Hata hivyo mikeke wale hawakupata kukua na kuzaa. Kula kunaheshimu samaki aliyekufa, lakini hakumjibu yule ambaye angezaliwa.

Nikiwa mwanafunzi wa lugha, nililigeukia neno lenyewe. Kiswahili kinasema kuachilia, na mtu huachilia anachokishika: mfungwa, kamba, mkono. Neno linadai pawe na mshiko kabla yake. Nadhani hapo ndipo mabishano ya mashuani yalipopotea njia. Sisi watatu tulibishana juu ya mwisho wa mshiko, turudishe au tusirudishe, na hakuna aliyeuliza jinsi tulivyoshika. Wakati samaki yuko mkononi, mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Yaliamuliwa saa moja kabla, nilipolisogeza fundo la uzi mpaka mita tisa katika maji ya joto. Yaliamuliwa nilipohesabu moyoni mpaka kumi ili ameze. Mbinu ileile iliyoongeza uwezekano wa kumpata ndiyo iliyoondoa uwezekano wa kumrudisha akiwa hai, nami niliijua ya kwanza tu kwa kuwa ndiyo niliyoiuliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Huruma katika uvuvi ni suala la mbinu, na huja mapema. Kiangazi kikiwa kikali, anayekusudia kurudisha samaki hana budi kuacha kina kirefu, hata kama wolai wako huko kwa mamia. Avute mapema, akubali kukosa wengi, ili ndoano ishike mdomo. Na akishapata wa kula, aache. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu hakuna sheria inayolidai. Siku ile tulivua saa nne baada ya mzee kupata samaki wake halali. Kila tuliyemvuta baadaye alikuwa bahati nasibu, na tiketi iliyochezwa ilikuwa yake.

Najua pingamizi. Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu hii aliniuliza kama si anasa kuandika kurasa kadhaa juu ya kifo cha samaki wakati watu wanakufa. Huenda. Lakini sikumwandika samaki kwa sababu ana thamani ya mtu. Nilimwandika kwa sababu nilijikuta nikifanya jambo ambalo nimeona watu wakifanyiwa: kuletwa mpaka mahali ambapo hawawezi kupona, kisha kuambiwa kwa sauti ya upole kwamba sasa wako huru kwenda. Baba mdogo aliyaona hayo mara mbili maishani mwake. Nafikiri ndiyo maana alikasirika kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi iliyofuata tulimwomba mzee atupeleke kwenye miamba, jioni, upepo ukiwa unavuma. Fundo la uzi tuliliweka mita mbili na nusu. Nilivuta mapema mno na kuwakosa watano au sita, na mzee akawa anatikisa kichwa. Wawili wafupi tuliwarudisha. Walizama kama mawe yaliyorushwa, sikuweza hata kuona walielekea wapi. Wa tatu alikuwa na sentimita 55. Boya la baba mdogo lilikuwa bado linachezacheza, jua lilikuwa bado halijazama, nami nikaanza kukunja mshipi wangu. Mzee aliuliza kama naumwa.

Tulimkaanga usiku ule, tukamla na nyanya na ugali wa unga wa dukani. Baba mdogo alikula kichwa. Lakini yule wa kwanza bado ananidai, na kila tukizungumza kwa simu hunikumbusha urefu wake, ambao hadi sasa umefika sentimita 60.